Jamani, Kompyuta ya Mtoto Imefufuka!

Jamani, jamani, jamani! Weka chini hiyo orodha ya kompyuta mpya uliyoandikiwa dukani, funga pochi, kaa hapa unisikilize! Nimetoka kufungua kompyuta ya binti yangu sasa hivi, vidole vyangu bado vina ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, inayong'ang'ania kwenye kucha, na siwezi kutulia, siwezi kunyamaza, chakula kinapoa mezani na wala sina habari nacho, mpaka nikwambie hili. Kompyuta ya gemu ya mtoto wako, ile inayogandaganda, ile inayomfanya apige meza na kulia kwamba ameuawa na adui ambaye hata hakumwona akija, huenda haihitaji kutupwa wala kuuzwa kwa bei ya hasara. Inahitaji kipande kimoja tu! Kimoja, kidogo, chembamba, kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto, cha baridi, kinachometameta, kizuri mno kupita kiasi. Prosesa! Na hii iliyonitia wazimu mimi inaitwa AMD Ryzen 5 5600. Lishike jina hilo, liandike, lirudie njiani. Na bado!

Mashine yenyewe ni ya binti yangu wa darasa la sita. Ni mkusanyiko wa vipande vya mtumba kutoka Kariakoo: keisi nyeusi tii yenye kioo ubavuni, mazabodi ya B450, kadi ya picha ya GTX 1650, na katikati yake Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017. Mashine safi, ya heshima, inawaka bila matatizo. Lakini mweke mtoto kwenye Minecraft, avae zile mbawa zake, aruke kutoka kileleni mwa mlima, uone! Mbele yake dunia inakatika. Mashimo matupu. Anaelea hewani akisubiri ardhi iumbwe, msitu unaibuka kipande kipande, kondoo wanasimama wima bila kutikisika, halafu ghafla kila kitu kinaruka mbele na yeye yuko ndani ya lava. Kilio! Na kila mzazi ninayemjua akiona hivyo anasema neno moja: "Kadi ya picha hiyo, badilisha." Hapana, mwenzangu, hapana kabisa! Subiri!

Fikiria kibanda cha chipsi chenye kaango kubwa na moto mkali wa kutosha, lakini anayemenya viazi ni mmoja, na kisu chake ni butu. Hata ukinunua kaango la pili, la tatu, wateja watapanga foleni vilevile. Kadi ya picha ndiyo kaango, prosesa ndiyo mmenyaji! Ndiyo inayopanga kila kiumbe kinatembea wapi, kila mshale unatua wapi, kila kipande cha ardhi kimeumbwaje, kisha ndipo kadi ya picha ipewe kitu cha kuchora. Na Minecraft ile ya Java ina tabia yake: kazi zake nyingi nzito huegemea kiini kimoja cha prosesa, na kiini hicho kinatakiwa kuisogeza dunia nzima ya gemu mara 20 kila sekunde, sekunde zote, bila kupumzika. Kikichelewa kidogo tu, kuku wanaganda. Na tangu toleo la 1.18 la mwishoni mwa 2021 dunia hiyo imechimbwa chini zaidi na kupandishwa juu zaidi, milima mirefu ya ajabu, mapango ya kutisha, matamu, yasiyo na mwisho. Yote hayo juu ya prosesa ya 2017! Maskini, ilikuwa inajitahidi mno.

Unataka kujua kama na wewe tatizo lako ni hilohilo? Rahisi, rahisi mno, na haligharimu hata senti! Shusha ubora wa picha kwenye gemu, shusha mpaka chini kabisa, mpaka miti iwe mibaya. Kama gemu imekuwa laini, basi kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Kama bado inagandaganda vilevile, hata kwa picha mbaya hizo, basi umempata mshukiwa mkuu: ni prosesa. Sisi tulishusha kila kitu, na kuganda kukabaki palepale, hakukupungua hata chembe. Nilipiga makofi! Mtoto ananishangaa, mimi napiga makofi, kwa sababu nilijua hapo hapo kwamba dawa yake ni ndogo na inaingia mfukoni.

Sasa njoo kwenye raha ya kuchagua, maana dukani utachanganyikiwa, ukoo huu una ndugu wengi wenye majina ya kufanana! Kuna 5500, mdogo wao, bei yake ya chini zaidi, na inajitahidi kweli. Lakini ile kumbukumbu yake ya ndani, ya karibu kabisa, ni nusu ya ile ya 5600, na gemu zinaipenda kumbukumbu hiyo mno, zinaishi humo! Kuna 5600G, yenye uwezo wa picha ndani yake yenyewe, tamu sana kwa mtoto ambaye hana kadi ya picha kabisa, ila kwa mwenye kadi tayari haina faida hiyo. Kuna 5600X, pacha wa 5600, tofauti ya kasi ni ndogo kiasi kwamba jicho halitaiona. Ukiikuta kwa bei ileile ichukue, lakini usiongeze hela kwa ajili ya herufi moja. Halafu wapo wakubwa, 5700X3D na 5800X3D, mashine za hatari, zimebebeshwa kumbukumbu ya ndani ya kufuru. Nilizitamani, kweli nilizitamani! Lakini kwa kadi ya picha ya kawaida kama ya binti yangu, hela hiyo ya ziada ingekaa bure, bora imnunulie RAM. Na hapo katikati, palepale katikati, imekaa 5600: ya bei nafuu, kali, iliyokamilika. Ilipotoka Aprili 2022 bei yake Marekani ilikuwa dola 199, na tangu hapo imeshuka, imeshuka, imeshuka. Ndiyo hiyo! Usinitafutie nyingine!

Na bado! Hujasikia lile lililonifanya niruke. Soketi ni ileile! Ile AM4, tundu lilelile ambalo AMD waliianza safari nalo mwaka 2016, ambalo Ryzen za kwanza ziliingia mwaka 2017, miaka mitano baadaye wakaendelea kutengeneza prosesa za kukaa humohumo. Maana yake mazabodi haitoki. RAM haitoki. Pawa saplai haitoki, maana prosesa ya zamani iliandikwa wati 65 na hii mpya yenye nguvu zote hizi imeandikwa wati 65 hizohizo! Nilisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Kazi inapanda hivi, umeme umekaa palepale. Kwa kompyuta nyingi za zamani, ukitaka prosesa ya vizazi vitatu mbele unabadilisha mazabodi, ukibadilisha mazabodi unabadilisha RAM, na mwisho wa siku umenunua kompyuta nzima. Hapa unanunua kitu kimoja. Kimoja!

Boksi lenyewe sasa. Lile boksi! Lina dirisha dogo ubavuni na prosesa inachungulia, imetulia tuli, jina limechongwa juu ya bati lake la fedha. Ndani kuna feni yake pia, inaitwa Wraith Stealth, mviringo, nyeusi, ya kupendeza, na chini yake imeshapakwa ile dawa ya kupitisha joto, mraba safi, laini, haijaguswa. Ukipata prosesa isiyo na boksi, ile ya kuuzwa peke yake kwa bei nafuu zaidi, usihuzunike hata kidogo, kwa sababu Ryzen 3 1200 nayo ilikuja na feni ya jina hilohilo, unaisafisha, unapaka dawa mpya, mnaendelea! Ila kama ni ya mtumba, igeuze. Lazima uigeuze! Chini yake kuna msitu wa vipini vya rangi ya dhahabu, vyembamba kupita unywele, zaidi ya elfu moja, vimejipanga mistari kwa mistari vinameremeta. Iinue usawa wa jicho, chungulia kila mstari kwenye mwanga. Mistari yote imenyooka? Nunua. Kuna kimoja kimelala? Mrudishie muuzaji kwa heshima, tafuta nyingine. Na usome jina juu ya bati kwa macho yako mwenyewe, siyo jina la kwenye boksi!

Kabla hujafungua chochote, kuna jambo moja tamu la kufanya wakati prosesa ya zamani bado imo ndani: kuipa mazabodi BIOS mpya. Mazabodi ya zamani haiijui prosesa iliyozaliwa baada yake, inabidi itambulishwe kwanza. Unaingia tovuti ya aliyeitengeneza mazabodi yako, unatafuta jina lake lilelile, herufi kwa herufi, unaangalia kama 5600 imo kwenye orodha ya prosesa inazozikubali, unapakua faili, unaliweka kwenye fleshi, unalipandisha. Mwaka 2022 AMD walifungua mlango hata kwa mazabodi za kwanza kabisa za ukoo huu, zile za X370, B350 na A320, kwa hiyo usikate tamaa mapema, angalia tu orodha! Na chagua saa ambayo umeme wa mtaa wenu umetulia, au chomeka mashine kwenye UPS, maana hapo katikati umeme haupaswi kukatika. Mstari unajaa taratibu, asilimia kwa asilimia, na wewe umeshika roho mkononi. Ukijaa, unapumua. Loo, ile pumzi!

Haya, sasa mikono! Usiing'oe feni ya zamani ikiwa ya baridi. Mwache mtoto acheze kwanza, mashine ipate joto, dawa ya ndani ilainike. Ndipo uzime, uchomoe waya ukutani, uguse chuma cha keisi kuondoa umeme wa mwilini, ufungue skrubu. Na feni usiivute juu, izungushe! Kidogo kushoto, kidogo kulia, taratibu, utasikia inaachia, ule ulaini wa ghafla mkononi, raha yake haisemeki. Kwenye soketi hii dawa ikikauka, feni inaweza kunyanyuka na prosesa yake ikiwa imeng'ang'ania chini, vipini na vyote. Ukizungusha kwanza, inatoka safi, na prosesa ya zamani inabaki tuli mahali pake ikikusubiri.

Na bado! Kile kijiti cha chuma ubavuni mwa soketi, unakisukuma pembeni kidogo, unakiinua wima, na prosesa ya zamani inakuwa huru, unainyanyua kwa vidole viwili. Kisha mpya. Kona moja ina pembetatu ndogo ya dhahabu, na soketi ina pembetatu yake. Pembetatu juu ya pembetatu. Hapo ndipo nilipomwachia binti yangu. Akaiweka juu, hakukandamiza, hakusukuma, na yenyewe ikashuka! Ikashuka yenyewe, kwa uzito wake mwenyewe, vipini vyote zaidi ya elfu kwa pamoja, bila kelele, bila upinzani, ikalala bapa. Tulitazamana! Akaiinua akaiweka tena kwa sababu tu ya utamu wake. Akashusha kijiti, ta! Feni juu, skrubu nne, moja hapa na nyingine kona inayoikabili, kidogo kidogo kwa zamu ili ikae sawa. Waya wa feni. Ubavu wa keisi tukauacha wazi, nani ana subira ya kufunga!

Akabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na kioo kikabaki cheusi tii. Cheusi. Cheusi bado. Kama hujawahi, nikwambie mapema usitie hofu, mashine inajitambulisha upya kwa RAM, inaweza hata kujizima na kujiwasha yenyewe, iache. Kisha yakaja maandishi meupe yakisema imeona prosesa mpya na kuuliza kama tufute funguo za usalama za ile ya zamani, Y au N. Hapa nisikilize vizuri sana, rafiki yangu: kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha ufunguo wake wa dharura umeuhifadhi kabla ya siku hiyo, uandike kabisa kwenye karatasi. Yetu haikuwa imefungwa. Binti akabonyeza Y. Na Windows ikafunguka kama kawaida, mafaili yake, picha zake, dunia zake zote za Minecraft, zote zipo, hakuna kilichosafishwa, hakuna kilichoanzishwa upya!

Na sasa, mwenzangu. Sasa! Akafungua Minecraft, dunia ileile, mlima uleule, mbawa zilezile. Akaruka. Na ardhi ikamjia! Misitu, mito, theluji, kijiji, jangwa, vyote vinafunguka mbele yake mfululizo, laini, pana, bila kukatika, bila shimo hata moja la kuudhi, akaongeza umbali wa kuona, akauongeza tena, na upeo wa macho ukasogea mbali, mbali, mbali kabisa. Sikuwa najua kwamba kuna bahari nyuma ya mlima ule! Na yeye hakuwa anajua! Ameishi kwenye dunia ile muda wote huo, na bahari ilikuwa hapo. Akapiga ukelele jirani akasikia.

Kisha akanipeleka kwenye banda lake la kuku. Ana banda la kuku ndani ya gemu, kuku wengi wa kutisha, wamejazana pomoni, na zamani ukilikaribia tu mashine ilikuwa inashikwa na kwikwi. Akaingia katikati yao. Kuku wakawa wanatembea! Wote! Kila mmoja na safari yake, wanadonoa, wanarukaruka, mayai yanadondoka, na picha imetulia. Hapo ndipo nilipoelewa kitu kinachonunuliwa hasa. Watu watakupigia hesabu za picha ngapi kwa sekunde, na namba zinapanda kweli, lakini utamu uko kwenye utulivu. Ni kwamba zile sekunde mbaya zimepotea. Mtoto akibonyeza, kinatokea. Akigeuka, dunia inageuka naye. Na ukimtazama usoni utaona mabega yameshuka, ameegemea kiti, anacheza. Anacheza tu!

Na bado, na bado! Akaingia Roblox, akaingia Fortnite akajenga ukuta chapuchapu katikati ya mapambano, huku anaongea na binamu yake kwenye Discord, huku kivinjari nyuma kimefunguka na kazi ya shule ya Sayansi, na hakuna kilichogoma. Mazoezi ya hesabu yanafunguka papo hapo, video ya somo haikwami. Hii siyo gemu peke yake, ni mashine nzima imezinduka! Na ukitaka kuipa zawadi ya mwisho, angalia RAM: kama ni fimbo moja, iongezee mwenzake wa aina moja ziwe mbili, kwenye matundu yale ambayo kitabu cha mazabodi kinayataja, maana Ryzen inafurahia mno kusoma fimbo mbili kwa pamoja.

Na wewe ambaye kompyuta ya mtoto ni ile ya ofisini iliyostaafu, usijione umeachwa nyuma! Raha hii inakuhusu pia. Kama ni Dell OptiPlex 7010, kwa mfano, yenye Core i3 ya kizazi cha tatu, tundu lake linapokea Core i7-3770 ya mwaka 2012, viini vinne mahali pa viwili, na hizo za mtumba zinatafutika. Haitaruka kama hii yangu, lakini itanyanyuka, na mtoto ataiona tofauti siku hiyohiyo. Kanuni ni moja tu, na ndiyo ninayokulilia tangu mwanzo: kabla ya kununua kompyuta, uliza tundu lililopo linaweza kupokea nini. Kipande kimoja kinachoingia mahali pake kinashinda mashine nzima ya mkopo!

Basi leo hii, leo jioni, usingoje wikiendi. Mwite mtoto, zimeni mashine, fungueni ubavu wa keisi pamoja, mulikeni kwa tochi ya simu, msome jina lililochapwa kwenye mazabodi. Aliandike yeye. Mtafute orodha ya prosesa zake, mteremshe kidole mstari kwa mstari, na mkiiona 5600 hapo, utaisikia mwenyewe damu inavyokwenda mbio! Mwende wote wawili dukani, avichungulie yeye vipini kwenye mwanga. Na nyumbani, kijiti kikishainuka na pembetatu zikishatazamana, wewe rudisha mikono nyuma. Mpe yeye aishushe. Mpe yeye! Halafu unipigie simu uniambie nyuma ya mlima wake kuna nini!